Mausi Iliyogoma Mkurugenzi Akiwepo

Baba mkubwa alipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma, alirudi kwake Kilosa na kiinua mgongo, suti zake za ofisini na tamaa ya kuitwa Mkurugenzi. Shirika lenyewe lilikuwa limebinafsishwa, na aliyelinunua akalifunga, kwa hiyo hapakubaki kitu cha kuongoza. Ndipo akafungua ofisi Mikumi, pembeni ya barabara kuu, vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri. Ukutani aliandikisha kwa rangi nyekundu kwamba hapa tunachapa, tunatoa fotokopi, tunarekodi kwaya, ngoma na matangazo ya biashara. Chini yake likafuata neno Mkurugenzi na majina yake yote mpaka la babu. Hilo ndilo lililochukua nafasi kubwa kuliko huduma zote.

Mimi ni binti wa mdogo wake. Baba yangu alikuwa anakata miwa Ruhembe, na nilipomaliza kidato cha nne bila kufika popote, baba mkubwa alinichukua nikakae mbele, nipokee wageni na kutoa fotokopi. Alinisaidia, sikatai, na alihakikisha kila mteja anajua kwamba amenisaidia. Nyumbani Kilosa nilimwita baba mkubwa, ofisini nilitakiwa kumwita Mkurugenzi, na kote kuwili shikamoo haikusamehewa. Aliipokea kwa kuchelewa, akiwa anatazama kitu kingine, kisha anaitoa ile marahaba yake kwa shida, kana kwamba anaitoa mfukoni mwake.

Chumba cha nyuma ndicho alichokiita studio. Kulikuwa na kompyuta mbili za chogo, zimekaa bega kwa bega. Moja ilirekodi, nyingine ilichoma CD na kuchapa karatasi za majalada yake. Mausi ilikuwa moja na kibodi moja. Mpwa wake wa Dar es Salaam alikuwa amempa programu ya kugawana: unaunganisha kompyuta kwa waya, unasukuma mshale mpaka ukingoni mwa skrini ya kwanza, na unatokea kwenye ya pili. Ni kitu kizuri, nakubali. Baba mkubwa alikigeuza kuwa sarakasi. Mtu amekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, anaingizwa nyuma kwa lazima aone mshale unavyovuka.

"Umeona?" alikuwa anasema. "Huku umetoka, kule umeingia. Teknolojia hiyo."

Mzee mmoja mkulima aliutazama mshale ukienda na kurudi, akauliza, "Sasa huko unakwenda kufanya nini?" Baba mkubwa akaita mteja mwingine.

Angenunua mausi ya pili nisingekuwa na cha kuandika. Morogoro zilikuwa zimening'inizwa madukani kama vitunguu. Lakini mausi ya pili ingeua sarakasi, na mtu aliyezoea kuwa na ofisi yenye mhudumu wa chai hawezi kuachia kirahisi kitu kinachowafanya watu wasimame na kumtazama.

Kitu kingine alichokionea fahari ni kisanduku cha sauti. Alikinunua mwenyewe Dar. Vipaza sauti vilichomekwa hapo, na chenyewe kikachomekwa kwenye kompyuta ya kwanza. Kilikuwa na ukubwa wa tofali, mbele kina virungu vya kupandisha na kushusha sauti, na juu kina mstari wa vitufe bapa ambavyo vingi hatukuwahi kuvigusa. Na kwa kuwa ni kitu cha thamani, alikivisha. Kwao Kilosa kila kitu cha thamani kilivishwa: redio, televisheni, jokofu, hata chupa ya chai. Mama mkubwa alifuma vitambaa mchana kutwa. Cha studio kilikuwa cheupe, kina ndege wawili wanaotazamana, na juu yake kikakaa chombo cha udongo chenye maua ya plastiki.

"Hatuwezi kuuacha mtambo kama huu uchi mbele za watu," alisema.

Joto la mwisho wa mwaka lilipoanza alileta feni, na feni ikawa inakiangusha chombo. Akakijaza mchanga. Kikawa kizito kama jiwe la kusagia, na hakikuanguka tena.

Aliyekaa kwenye zile kompyuta hakuwa mimi. Alikuwa mwenzangu mmoja, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Tindiga, aliyejifunza kompyuta Morogoro. Aliniita dada ingawa tulikaribiana umri. Mume wake alikwenda machimboni na huko akasahau kama ana nyumba. Binti yao alikuwa Lumuma, kwa mama mkwe, na mwezi wa kwanza alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Baba mkubwa alikuwa amemweka mwenzangu kwenye majaribio, na akamwahidi kwamba mwaka ukiisha atamthibitisha na kumlipa mshahara wa mtu mzima. Kwa ahadi hiyo mwenzangu alishazungumza na mama mmoja muuza mchele amshikie chumba nyuma ya stendi, akamchukue mtoto, asome Mikumi akiwa na mama yake. Alikuwa ameshashonesha sketi ya shule, ya bluu, yenye pindo pana la kufumuliwa mtoto akirefuka. Aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa studio, ndani ya mfuko wa nailoni, ili isishike vumbi. Wakati mwingine nilimkuta ameitoa anaipima kwa macho.

Mausi ilianza kugoma mwezi huo huo wa joto. Mshale ulifika ukingoni mwa skrini ya kwanza ukabaki hapo, unagonga kama nzi kwenye kioo cha dirisha. Mwenzangu alizima na kuwasha. Alibadilisha waya unaounganisha kompyuta. Aliiondoa programu akairudisha. Mwisho akachomoa kisanduku cha sauti, na mshale ukavuka. Akakichomeka, ukagoma. Aliponiita nione alifanya hivyo tena na tena, na kila mara ilikuwa vile vile.

Tungekuwa na bosi mwenye masikio, shughuli ingeishia karibu na hapo.

"Mkurugenzi, naona hiki kisanduku kinagombana na programu ya mausi," alimwambia kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Kinagombana? Kina mdomo?" baba mkubwa alijibu. "Kisanduku hiki nimekichagua mwenyewe, kitu kipya. Wewe ndiyo kwanza umekiona hapa. Usiniharibie mtambo kwa kuuchomoachomoa."

Kilichomchanganya mwenzangu ni kwamba zilikuwepo siku kisanduku kilichomekwa na mshale ukavuka bila matatizo. Na kilichomwangamiza ni kwamba alisema ukweli kuhusu siku hizo. Kila mwisho wa wiki baba mkubwa alikwenda Kilosa, akikaa siku kadhaa, na alikwenda na kitambaa. Vumbi la barabara lilikifanya cha kahawia, na mama mkubwa alikifua, akakitia wanga, akakipiga pasi. Chombo cha maua baba mkubwa alikiacha dirishani mwa studio mpaka atakaporudi, kwa sababu chombo kikikaa juu ya mtambo usio na kitambaa kitauchubua. Akirudi alikikung'uta kitambaa, akakitandika mwenyewe, akahakikisha ndege wamekaa katikati, kisha akarudisha chombo. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa mavazi hayo. Mimi niliwahi kukinyoosha kidogo nikaulizwa kama nimesomea.

Basi akirudi anauliza, "Kazi zilikwendaje?"

"Vizuri, Mkurugenzi," mwenzangu anajibu, na uso wake umechangamka. "Mausi haijasumbua hata mara moja tangu uondoke."

Alidhani anampa habari njema. Kesho yake asubuhi mausi inagoma.

Mtu mwingine angejiuliza ni kitu gani kinabadilika ofisini yeye akirudi. Baba mkubwa alijiona yeye mwenyewe tu. Miaka yote aliyokaa kwenye shirika, kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe, kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta nani anamchimba. Shirika lilikufa na yeye akaja Mikumi na kazi hiyo hiyo.

"Nikiwepo inagoma. Nikiondoka inafanya kazi. Mnaniona mtoto?" alituambia siku moja, lakini alikuwa anamtazama mwenzangu peke yake. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja alikuwa amefungua studio yake, na baba mkubwa akaamini kwamba mwenzangu ametumwa na yule kijana. "Watu wa namna hii nimewazoea. Soko huria limeleta mengi."

Nilimdharau tangu siku ile. Kabla ya hapo nilikuwa nikimwona mwenye majivuno tu, na majivuno huwa nayavumilia.

Akaagiza mtaalamu kutoka Morogoro. Akaja kijana mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani, na begi la CD. Mezani hapakuwa na nafasi ya begi, kwa hiyo baba mkubwa kwa mikono yake mwenyewe akaondoa chombo cha maua, akakunja kitambaa, akampisha. Mtaalamu aliwasha kompyuta ya kwanza, akabofya huku na huko, akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa wa kuchelewa.

"Virusi," alisema. "Wengi mno."

Akaifomati. Hakuuliza ndani kuna nini. Ngoma za vijana wa Kisukuma, waliotoka mbali na ng'ombe zao wakaja kurekodi, zilifutika zote, na kama mwenzangu asingekuwa amechoma nakala pembeni, wangerudi kutuuliza kwa fimbo. Mtaalamu akarudisha programu, akasukuma mshale, ukavuka. Ungeacha kuvuka vipi? Baba mkubwa alimtazama kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaona akimtazamia mke wake. Akampeleka kula mbuzi wa kuchoma, akampakia kwenye gari la jioni, akarudi ofisini akapiga mluzi, akauvisha mtambo wake.

Asubuhi mshale uligonga ukingoni.

"Mtaalamu ameiacha nzima," baba mkubwa alisema taratibu. "Nimeona kwa macho yangu. Nani ameigusa baada yake?"

Aliyeigusa alikuwa mmoja tu, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Siku mambo yalipoharibika kabisa ilikuwa siku ya kwaya ya kwetu Ruhembe. Walikuja kuchukua CD zao wakaziuze kabla ya Krismasi, wamevaa sare, wakaujaza ukumbi mdogo wa mbele mpaka nje. Mwenzangu aliwahi kufika. "Shikamoo, Mkurugenzi," alisema, akapiga goti kidogo. Baba mkubwa hakujibu. Alikuwa anafuta vumbi kwenye petali za plastiki na aliendelea kufuta. Mwenzangu akarudia, akidhani hajasikika. Hakujibiwa. Kwetu mtu mzima anaweza kukunyima chakula na watu wakamtafutia sababu, lakini kumnyima mtu marahaba ni kumwambia kwamba hayupo. Wanakwaya wote walisikia. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliguna kabisa.

Mshale ukagoma, CD zilikuwa hazijaisha, na watu wamesimama.

"Naomba nichomoe kisanduku tu, Mkurugenzi, nimalizie za watu," mwenzangu alisema.

"Usiguse! Ndivyo unavyofanya. Leo nimekushika." Na hapo hapo mlangoni, mbele ya kwaya nzima, akawaeleza wateja kwamba kuna binti anahujumu ofisi, ametumwa, na yeye amevumilia sana. "Chukua vyako, uende. Kuthibitishwa usahau."

Nilisema, "Baba mkubwa, msikilize kwanza." Nilisahau kusema Mkurugenzi. Akanigeukia akaniambia nisimfanye asahau mimi ni mtoto wa nani.

Mwenzangu hakulia. Alichukua khanga yake na kikombe, akatungua ile sketi kwenye msumari, akaikunja vizuri kwa mistari yake. Alimwambia mwalimu wa kwaya CD zilizobaki zimeandaliwa, ni kuchoma tu. Akatoka. Niliona kupitia dirishani anavuka barabara, mfuko wa nailoni ameukumbatia kifuani, malori yanapita. Nilikuwa na hasira mpaka nikakosea kuhesabu chenji ya mtu.

Krismasi ikapita. Baba mkubwa alinihamishia nyuma nikakae kwenye kompyuta, kwa kuwa mimi ni damu yake na siwezi kutumwa na mtu. Akaenda Kilosa, mshale ukavuka siku zote alizokuwa huko. Hakuna aliyenituma nami mausi ilinitii. Nilianza kumsubiri arudi, na safari hii niliamua sitaitoa mausi mkononi.

Alirudi mwezi wa kwanza, shule zimeshafunguliwa. Nilimpa shikamoo yake nikiwa nimekaa, mkono kwenye mausi, naupeleka mshale kulia na kushoto, unavuka, unarudi. Alitoa kitambaa kwenye begi, kimekakamaa kwa wanga. Akakitandika, akawaweka ndege katikati. Mshale ukavuka. Akachukua chombo cha maua dirishani, akakiweka juu yake.

Mshale ukagoma.

Nilitaka kucheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

"Baba mkubwa, nyanyua hicho chombo."

"Kwa nini?"

"Kinyanyue tu."

Hakukinyanyua. Nikasimama nikakinyanyua mwenyewe, nikausukuma mshale mbele ya macho yake, ukavuka. Nikakirudisha, ukagoma. Nikafunua kitambaa. Kitako cha chombo, pamoja na mchanga wake wote, kilikuwa kimekalia kitufe kimoja kati ya vile ambavyo hatuvigusi. Vile vitufe kompyuta inavihesabu kama vya kibodi. Kwa hiyo ilichoelewa ni kwamba kuna mtu amebonyeza kitufe na hataki kuachia, na ile programu ina masharti yake: kitu kikiwa kimebonyezwa, mshale haubanduki ulipo. Ilikuwa inamsubiri aliyebonyeza atoe kidole. Mtu mwenyewe alikuwa maua ya plastiki.

Nilimweleza yote hayo. Aliutazama mshale, akatazama chombo, na nikaona uso wake unatafuta pa kutokea.

"Nilijua tu," alisema mwishowe. "Nilijua ni kitu kidogo. Yule mtaalamu alitakiwa akione."

Akakipeleka chombo juu ya kabati la faili. Kitambaa alikiacha. Akauliza kama kuna chai.

"Na mwenzangu?" nikamuuliza. "Hakuhujumu kitu. Wewe mwenyewe umeona."

Alikoroga chai muda mrefu. Yangetosha maneno machache tu, na ningemheshimu mpaka leo. Aliweka kijiko chini akasema, "Nenda kamwambie nimemsamehe. Arudi, aanze upya majaribio."

Niliitikia, kwa sababu hata kazi hiyo mbovu nilijua kuna mtoto nyuma yake. Nikapanda gari la Kilosa, na kutoka hapo nikatafuta usafiri wa Tindiga. Mvua zilikuwa zimeanza na njia ilikuwa tope tupu. Nilimkuta shambani na mama yake, wanapandikiza mpunga, wameinama, maji yamefika katikati ya miundi. Nilimwamkia mama, akaitikia kwa moyo, akanikaribisha kama hatukuwa kwenye tope. Mwenzangu alinyooka akaniangalia, akajua nimetumwa.

Nikamweleza habari ya chombo na kitufe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, na mama yake akacheka kwa kuwa yeye amecheka, tukawa watu watatu tunacheka kwenye maji.

"Maua," alisema. "Ya plastiki."

"Sasa anasema..." Maneno yalinishinda, lakini ndiyo niliyotumwa. "Anasema amekusamehe. Urudi, uanze upya majaribio."

Kicheko kilikatika. Aliuangalia mche uliokuwa mkononi mwake.

"Amenisamehe nini, dada?"

Nikainama nikakunja nguo yangu isiguse maji.

"Chumba alishapewa mtu mwingine," alisema. "Na mtoto ameanza shule Lumuma wiki iliyopita. Sketi nilimpelekea. Bibi yake ameifumua pindo, eti ilikuwa fupi. Mimi sikuwa nimejua kama amerefuka hivyo." Alisuuza mche ule majini. Mama yake aliinama akaendelea kupandikiza. "Siku ile nilimwamkia mara mbili mbele za watu. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi mwambie habari zake zimenifikia. Na mwambie marahaba."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Akachomeka mche kwenye tope, akachukua mwingine.

Kesho yake nilifika Mikumi. Baba mkubwa alikuwa ameketi studio, amemsimamisha mteja mmoja mbele ya zile kompyuta, anamwonyesha mshale unavyovuka. Aliponiona alingoja shikamoo yake kwanza. Nikampa.

"Anarudi lini?" aliuliza, mteja akiwa pale pale.

"Harudi. Amesema marahaba."

Mkono wake ulibaki juu ya mausi na mshale ukasimama katikati ya skrini ya pili, bila kuzuiwa na kitu. Mteja alitazama chini. Baba mkubwa hakuniuliza kama nimesikia vizuri, na habari za mwenzangu hakuziulizia tena. Mimi niliendelea kumpa shikamoo kila asubuhi mpaka nilipoacha kazi ile, kwa kuwa ni kaka wa baba yangu, na si kwa kitu kingine.